Cheti cha Mtandao kwa Mtu wa Usalama: Mhadhara kwa Vijana wa Kisumu

Hamjambo nyote. Walimu wangu, asanteni kwa nafasi hii. Vijana wa hapa Kisumu, na nyinyi mliopanda matatu alfajiri kutoka Kakamega na Nakuru, karibuni. Mmeniuliza kama cheti cha mtandao, CCNA cha kampuni ya Cisco au Network+ cha CompTIA, kinamfaa mtu anayetaka kazi ya usalama wa taarifa. Kinamfaa sana. Nalisema hili kila ninapopewa nafasi kwa sababu vijana wanakimbilia Kali Linux, mfumo uliojaa zana za udukuzi, wiki ya kwanza, na hawajui hata anwani ya kompyuta yao imetoka wapi.

Twendeni ofisini. Tuseme ni ofisi ya watu 60 hapa mjini. Jumatatu asubuhi, nusu yao hawaingii kwenye mfumo, nusu wanaingia bila shida. Mkubwa anauliza: tumedukuliwa? Aliyesomea zana peke yake ataanza kusaka virusi, na saa sita mchana itamkuta bado anasaka. Aliyesomea mtandao atakaa kwenye kompyuta moja inayosumbua, aandike ipconfig /all, asome mistari mitatu: anwani, geti (mlango wa kutokea nje ya mtandao wa ofisi), na seva ya DHCP, ile inayozigawia kompyuta anwani. Ofisi inatumia 10.10.20.0/24, yaani anwani zinazoanza na 10.10.20, lakini kompyuta hii ina 192.168.0.104 na geti yake ni 192.168.0.1. Basi kuna kitu kingine ndani ya jengo kinachogawa anwani.

Mara nyingi ni ruta ndogo ya Wi-Fi. Mtu ameinunua dukani ili simu yake ishike vizuri, akachomeka kebo ya ukutani kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani) badala ya WAN (la kupokea intaneti). Ruta hiyo haina nia mbaya, ila inajibu maombi ya DHCP, na kompyuta kwa kawaida huchukua jibu linalotangulia kufika. Ndiyo maana nusu wamo na nusu hawamo. Mshambulizi naye hufanya hivyohivyo, isipokuwa yeye atayapitisha mawasiliano yenu kwake kisha ayafikishe yanakokwenda. Mtandao utaendelea kufanya kazi na hakuna atakayelalamika. Hapo ndipo pananitia hofu.

Kuitafuta ni hivi. Andika arp -a, uchukue anwani ya MAC ya ile geti, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Tarakimu sita za mwanzo zitakuambia nani aliyekitengeneza kifaa. Ingia kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za ofisi, andika show mac address-table, uone MAC hiyo iko poti gani. Poti ikiwa na MAC thelathini, hiyo ni kebo inayokwenda swichi nyingine. Hamia huko urudie. Ikiwa na moja au chache, umefika. Zima poti, kisha ifuate kebo kwa miguu mpaka mezani kwa mwenyewe.

Kinga yake ni DHCP snooping, yaani swichi kukubali majibu ya DHCP kutoka poti zinazoaminika tu, na hapa watu wa usalama wasiojua mtandao huleta hasara. Wameona kwenye orodha ya ukaguzi kwamba iwashwe, wanaiwasha saa kumi na mbili jioni, wanajaribu laptop yao, inafanya kazi, wanaenda nyumbani. Kumbe ukiiwasha kwenye VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi), kila poti inahesabiwa kuwa haiaminiki mpaka wewe useme vingine, hata ile inayoelekea kwenye seva halali ya DHCP. Laptop ilikubali kwa sababu ilikuwa bado na anwani iliyopewa mchana. Muda wa anwani ukiwa wa saa 8, utakwisha usiku wa manane. Asubuhi ofisi nzima ina anwani zinazoanza na 169.254, yaani kompyuta zimekosa jibu zikajipa zenyewe. Mtu wa usalama amefanya kwa mkono wake kile ambacho mshambulizi hakufanya.

Kwa hiyo fuateni mpangilio. Kwanza ip dhcp snooping trust kwenye poti ya kuelekea seva, na kwenye kebo za kati ya swichi zinazopitia majibu ya seva hiyo. Halafu taja VLAN, mwisho amri ya jumla ya kuiwasha. Kisha usiku huohuo, kwenye kompyuta mbili tatu, ipconfig /release na ipconfig /renew. Zikikosa anwani na poti umeshaiamini, angalia option 82, taarifa ya ziada kuhusu poti ombi lilikotoka: swichi ya Cisco huiongeza ndani ya ombi bila kuambiwa, na seva ya DHCP iliyo kwenye ruta ya Cisco hulitupa ombi hilo. Dawa ni no ip dhcp snooping information option. Ukitaka kuongeza ukaguzi wa ARP (swichi kuhakiki kwamba anayedai anwani ndiye mwenyewe), kumbuka unategemea jedwali la snooping, yaani orodha ya anwani zilizogawiwa na DHCP, kwa hiyo printa uliyoipa anwani kwa mkono itakatwa hadi uiandikie ruhusa yake. Ukikuta vifaa vya kampuni ya MikroTik, na huku utavikuta, snooping inawashwa kwenye bridge (daraja linaloziunganisha poti) na poti ya seva inawekewa trusted.

DHCP snooping na ukaguzi wa ARP vimo ndani ya mtihani wa CCNA, namba 200-301, katika sehemu ya misingi ya usalama yenye asilimia 15 ya mtihani. Lakini hutavielewa bila zile asilimia 20 za swichi na VLAN.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba kila kitu kimehamia kwenye wingu. Huko nako ni anwani zilezile. Subneti, yaani kipande cha mtandao, ya /28 ina anwani 16. Ukiwa AWS, wingu la Amazon, tano wanazichukua wenyewe, unabaki na 11. Na asiyejua kwamba 0.0.0.0/0 ni anwani zote ndiye anayefungua poti 3389, mlango wa kuiendesha Windows kwa mbali, kwa dunia nzima.

Mwingine anasema atafanya kazi ya sheria na sera tu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatoa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data tangu mjue data imevuja. Mtamwambia nini kama hakuna anayeweza kusoma logi na kuona ni kiasi gani kilitoka, kikaenda wapi?

Gharama, kwa haraka. Mtihani wa CCNA ni dola 300 na cheti kinadumu miaka 3. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, ni ya bure; Wireshark, ya kusoma pakiti (vifurushi vya data) zinazopita, ni ya bure. Jifunzeni kwanza hadi vidole vizoee, ndipo mlipe, hasa kama mnatafuta kazi ya kwanza. Ukishafanya kazi miaka mitano na unalenga CISSP, cheti cha usalama cha ngazi ya juu, sioni sababu ya kuendelea kukihuisha. Anayetaka kukagua msimbo wa programu hakihitaji, asome HTTP na TLS (lugha ya tovuti na usimbaji wake) vizuri. Anayekariri maswali ya mtihani yaliyoibwa atakwama siku atakapopewa kalamu aichore safari ya pakiti moja.

Network+ tutaizungumza jioni, muda umekwisha. Fungueni laptop. Ndani ya Packet Tracer wekeni swichi mbili, seva halali ya DHCP kwenye moja, seva ya pili isiyo halali kwenye nyingine, na kompyuta nne. Washeni snooping bila kuiamini poti yoyote. Nitapita nyuma yenu. Wa kwanza kuona 169.254 aniite.