Jiwe la Uluguru lenye Jina la Rutherford

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, na ninyi vijana mliofika jioni hii,

Sisi wakazi wa Mwanza tumekulia juu ya mawe. Itale tunayojengea misingi, na ile iliyosimama majini pale kwenye Mwamba wa Bismarck, ina urani, metali inayotoa mionzi, kidogo kama itale nyingine duniani, kwa kawaida gramu 3 hadi 5 katika tani nzima. Basi anayependa kukaa mwambani akila sato wake na aendelee kula. Ninalolizungumzia leo ni jiwe ambalo zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake ni urani, na ambalo lilitambuliwa kwanza katika ardhi ya nchi hii.

Jina lake ni rutherfodini. Mkemia Mjerumani Willy Marckwald alilieleza mwaka 1906 kutokana na vielelezo vya Milima ya Uluguru, Morogoro, akaliita kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanasayansi wa mionzi, mzaliwa wa New Zealand. Waluguru hawakuulizwa.

Kikemia ni kaboneti ya urani isiyo na maji ndani yake. Rangi yake huwa njano, wakati mwingine ya kahawia au karibu nyeupe, na likiguswa na tindikali hutoa povu. Mara nyingi halina umbo lake lenyewe, kwa kuwa huzaliwa kwa kuila uraninaiti, madini meusi ya urani, kutoka nje kwenda ndani, hata ukakuta unga wa njano uliohifadhi umbo la mchemraba wa fuwele ambayo haipo tena.

Kwa nini ni adimu? Urani iliyo ndani ya uraninaiti haiyeyuki kwa urahisi, lakini maji yenye oksijeni yakipenya kwenye nyufa huibadilisha ikawa ya aina inayoyeyuka. Hapo pana mtego: kwenye hewa ya kawaida, yenye kaboni dioksidi kidogo, urani hiyo hugeuka kuwa hidroksidi zenye maji, na katika maji yasiyo na uchachu kaboneti iliyomo majini huibeba ikiwa imeyeyuka na kwenda nayo mbali. Rutherfodini huhitaji maji machachu kiasi na yaliyojaa kaboni dioksidi, hali ambayo hupatikana mahali pachache na huenda isidumu.

Kuhusu ukusanyaji nitasema wazi, maana hapa ndipo watu huchezea afya zao. Mionzi ya alfa inayotoka kwenye urani huzuiwa na ngozi, lakini vumbi likivutwa na pumzi huipeleka moja kwa moja mapafuni. Kwa hiyo jiwe hili halipigwi msasa, halisuguliwi kwa brashi, wala halioshwi kwa siki ili ling'ae, kwani siki ni tindikali na italimaliza. Lishikwe kwa glavu, liwekwe ndani ya kisanduku chenye kifuniko, katika chumba kinachopitisha hewa na kisicholaliwa na mtu, kwa sababu urani huzaa gesi ya radoni, nayo ina mionzi. Asiye na kibali asilichukue wala asilisafirishe. Masuala ya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Na ukikirithi kielelezo chenye lebo kuukuu iliyoandikwa Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Wajerumani lililokuwa hapa, usiibandue. Andika lebo mpya yenye neno Uluguru, uiweke kando yake.