Pesa ya Duka Iwe na Namba Yake

Mazungumzo na wafanyabiashara wadogo, Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Mwangaluka, mama zangu na baba zangu.

Kabla sijasimama hapa, dada mmoja anayeuza dagaa amenivuta pembeni akaniuliza: "Mtu ananunua dagaa wa shilingi 1,000 halafu anataka kulipa kwa simu. Nimkubalie, au nimwambie akatafute keshi?" Nimemwomba anivumilie, nitamjibu mbele yenu wote, kwa sababu swali lake ni la kila mmoja wetu. Mimi nauza vifaa vya ujenzi: saruji, misumari, mabati, rangi. Bidhaa zetu hazifanani, lakini simu ni zile zile na makato ni yale yale.

Wengi tulianza hivi. Mteja kafika, mfukoni hana kitu, anakuuliza, "Nikutumie?" Unamtajia namba yako. Namba ile ile anayokupigia shemeji, inayopokea michango ya harusi, inayopitisha hela ya kikoba. Na kabla hajabonyeza unamwambia, "Weka na ya kutolea." Mteja anaguna. Kakatwa ya kutuma, sasa anaongeza ya kutolea, na mfuko wa saruji bei yake ni ile ile kwa jirani. Kesho anaanzia kwa jirani.

Hilo la kumkera mteja ni dogo. Kubwa liko jioni. Unafunga duka, unaangalia salio, unakuta 186,000. Za nani? Humo kuna 50,000 kaka yako katuma ukamnunulie mama dawa. Kuna za kikoba, wewe ni mweka hazina. Kuna za mteja aliyelipia rangi ambayo hujaileta. Zilizobaki ndizo mauzo, na humo ndani ya mauzo faida ni kidogo sana, sehemu kubwa ni mtaji. Mtoto anarudi na karatasi ya michango ya shule, unatoa humo humo. Mgeni kaja, unatoa humo. Hujaiba, hela ni yako. Ila mwisho wa mwezi unakwenda kwa muuzaji wa jumla kuchukua mzigo, hela haifiki, na hujui imepotelea wapi.

Mimi nimeishi hivyo karibu miaka miwili. Nilikuwa nauza sana na duka linapungua. Nikawa nawaza labda kijana wangu wa dukani ananiibia. Mungu anisamehe, maana yule kijana hakuwa anaiba hata msumari. Nilikuwa naula mtaji mwenyewe, kidogo kidogo, kupitia simu yangu mwenyewe.

Halafu kuna hii mikopo ya kwenye simu, ile ya kukamilishia muamala pale salio linapopungua. Ukishaichukua kwenye laini yako, hela yoyote itakayoingia inakatwa deni kwanza. Sasa fikiria mteja kakutumia 34,000 za mifuko miwili ya saruji, na wewe usiku ulikopa 30,000 kununua umeme na kumtumia mdogo wako nauli. Saruji imeondoka na hela imeondoka. Deni ni la nyumbani, aliyelilipa ni duka, na hakuna mahali palipoandikwa.

Ndiyo maana nasema, pesa ya duka iwe na namba yake. Lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Nenda kwenye duka la mtandao wako au kwa wakala anayesajili, chukua namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na kama una TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni beba navyo. Sikiliza wanachohitaji, maana masharti ya mtandao huu si lazima yawe ya mtandao ule. Kitu cha kukazania ni jina. Mteja akiingiza lipa namba, jina linamtokea kabla hajaweka namba ya siri. Likitokea jina ambalo halijui, anasita, na ana haki ya kusita. Hakikisha linatokea jina ambalo watu wa hapa wanalifahamu. Kama wote wanakuita Mama Neema, na kibao chako kimeandikwa Mama Neema, omba biashara isajiliwe hivyo.

Kuna anayeniuliza kama atahitaji vibao vinne ukutani, cha kila mtandao. Zamani ungehitaji. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, kwetu ikaja Aprili 2008, na kwa miaka mingi kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha huduma zao za pesa, na Vodacom wakaingia 2016. Sasa hivi Benki Kuu ina mfumo wake unaoitwa TIPS unaounganisha benki na mitandao, na ina kile kimchoro cha TANQR ambacho mteja anakipiga kwa kamera ya simu. Kwa hiyo lipa namba moja inatosha kuanzia. Chagua mtandao ambao mawakala wake wako karibu nawe na ambao muuzaji wako wa jumla anautumia. Hilo la muuzaji wa jumla nitalirudia.

Najua kuna waliokasirika moyoni nilipotaja makato. Hata mimi nilikasirika. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya serikali ilipoanza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, wateja wangu walirudi kwenye keshi ndani ya wiki moja. Nililiona kwa macho yangu kwenye daftari. Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na kwenye bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma ikaondolewa. Mliopiga kelele wakati ule mlifanya jambo jema, na tusiache kupiga kelele pale gharama inapomuumiza mtu mdogo. Lakini tuwe wakweli: sehemu kubwa ya makato tunayolalamikia tunayafuata wenyewe kwa wakala.

Mfuko mmoja wa saruji faida yangu inaweza kuwa shilingi 500. Mteja akinilipa kwa simu, na mimi nikatoka mbio kwenda kuitoa ile hela ya mfuko mmoja, makato ya kutoa yanakula faida yote na kuugusa mtaji. Nikifanya hivyo mara tano kwa siku, nitakuwa namfanyia kazi wakala. Sasa hivi natoa mara moja kwa wiki, wakati mwingine sitoi kabisa. Muuzaji wa jumla namlipa kwa lipa namba yake. Umeme wa duka nalipia huko huko. Inayobaki naihamishia benki. Na bango la makato nalisoma kila bajeti inapopita, la mtandao na la benki, kwa sababu yanabadilika na hakuna atakayekuja kukuambia mlangoni.

Sasa tuzungumze kuhusu wezi, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Kila mmoja hapa amewahi kupata ujumbe unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii." Huo tumeshauzoea, mtu mzima haumpati. Unaotupata sisi wa dukani umekaa vingine. Ilikuwa magharibi, nimeenda msibani, kijana wangu yuko peke yake. Akaja mtu na guta, kavaa vizuri, anataka mabati kumi na tano. Akaomba namba, akabonyeza simu, na ujumbe ukaingia kweli kwenye simu ya duka: "Umepokea," kiasi, jina, tarehe, saa, kila kitu mahali pake. Mabati yakapakiwa. Niliporudi, salio lilikuwa lile lile la mchana.

Ule ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Mtandao haukuutuma, aliuandika mtu kwa vidole vyake. Na ulikuwa umeandika "salio lako jipya ni" halafu kiasi cha kubuni tu. Kijana wangu alisoma kilichoingia, hakusoma salio. Sikumkata mshahara. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwa nimemfundisha, na nilikuwa nimemwachia simu bila njia ya kuhakikisha.

Siku hizi dukani kwetu kuna utaratibu mmoja. Asubuhi kijana anaandika kwenye daftari salio la kufungulia. Kila malipo yakiingia, anajumlisha: salio la mwanzo, ongeza kilicholipwa. Salio lililo kwenye ujumbe lazima likubaliane na hesabu yake. Kama halikubaliani, au ujumbe umetoka kwenye namba asiyoielewa, au mzigo ni mkubwa, anaangalia salio mwenyewe kwenye menyu, kwa *150*00#, au *150*01#, au *150*60#, kutegemea laini. Ujumbe ulio kwenye simu ya mteja hatuutazami kabisa. Anaweza kuwa mkweli, anaweza kuwa na picha ya muamala wa jana. Mteja wa kweli akiambiwa "subiri kidogo nihakikishe" hanuni. Anayekuharakisha, anayesema bodaboda anamsubiri, huyo ndiye wa kumhakikisha mara mbili.

Na hii ina maana simu ya duka inakaa dukani. Nimeona watu wana lipa namba ukutani, lakini ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye duka aliyeko Magu shambani. Muuzaji anampigia, hapatikani, mteja anasimama dakika ishirini, mwishowe anaachiwa kwa huruma. Ukienda kusajili, uliza kama muuzaji wako anaweza kupata ujumbe wa malipo bila kupewa uwezo wa kutoa hela. Namba ya siri ibaki kwako. Mtu akipiga akisema ni wa mtandao na anataka namba ya siri, kata simu, na namba yake itume kwenda 15040. Mara moja moja piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, usilale nayo.

Mzee wangu pale nyuma kaniambia wakati wa chai kwamba yeye hataki lipa namba kwa sababu TRA, watu wa kodi, wataona. Naliheshimu hilo, maana hofu hiyo si ya kubuni. Lakini mzee wangu, ngoja tupige hesabu. Kwa viwango vya mfanyabiashara mdogo vilivyoanza Julai 2019, mauzo ya mwaka yasiyozidi milioni 4 hayana kodi ya mapato. Ukiwa kati ya milioni 4 na milioni 7 na huna kumbukumbu, unalipa 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Ukiuza milioni 5 kwa mwaka na una daftari na taarifa ya miamala, hiyo ni 30,000. Asiye na kitu cha kuonyesha analipa 100,000 kwa mauzo yale yale. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo kaulize ofisini kwao cha mwaka huu. Lakini ukienda, nenda na karatasi yako mkononi, usiende na mdomo mtupu ukaombe huruma kwenye makadirio. Karatasi hiyo hiyo ndiyo benki wanaitaka ukienda kukopa, badala ya kwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa.

Dada wa dagaa, sijakusahau. Mkubalie huyo mteja wa 1,000. Ukimkatalia, dagaa wanabaki kwako na yeye ananunua kwa mwenzako. Anayenunua dagaa wa 1,000 wapo ishirini kwa siku. Waache walipe kwenye lipa namba, wala usiende kwa wakala na ile 1,000, wala na ile 5,000. Iache ikae na wenzake. Na unapokwenda Mwaloni Kirumba kuchukua mzigo, muulize yule unayenunua kwake kama naye ana lipa namba. Kama anayo, mlipe kwa hiyo hiyo laini. Kama hana, toa mara moja tu, ya mzigo mzima. Na zile 200 za chenji ulizokuwa unarudishia pipi, hutazihitaji tena kwa anayelipa kwa simu.

Haya, mama wa nyanya amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu, mama.