Mwezi Haukatwi na Kivuli cha Dunia: Sura Zake na Zinavyofuatana

Haya jamani, karibuni, tuanze na jibu ambalo nikiuliza watu nalipata karibu kila mara: eti mwezi unapungua kwa sababu kivuli cha dunia kinaufunika. Hapana, sio kivuli cha dunia. Hicho kivuli kinaugusa mwezi siku ya kupatwa kwa mwezi tu, na mwezi haupatwi mpaka uwe umejaa, sasa hilali yenyewe itoke wapi hapo?

Ukweli ni kwamba nusu ya mwezi inapigwa na jua muda wote, kama ilivyo dunia yetu, upande mmoja mchana upande mwingine usiku. Kinachobadilika ni sisi tunaona kiasi gani cha ile nusu yenye mwanga. Basi.

Leo usiku zima taa zote chumbani ubaki na moja tu, hiyo ndio jua, kichwa chako ndio dunia, halafu shika mpira mdogo mweupe, nyoosha mkono, mpira uwe juu ya kichwa kidogo. Itazame taa. Upande wa mpira unaokuangalia wewe ni giza, huo ni mwezi mpya, ndio maana hatuuoni. Sasa geuka taratibu kuelekea kushoto na usiondoe macho kwenye mpira, utaona ukingo wa kulia unaanza kung'aa, kijistari chembamba, hiyo hilali. Ukifika robo ya mzunguko nusu ya kulia yote inawaka, robo ya kwanza. Endelea, mwanga unapita nusu, unanenepa, mpaka taa iko mgongoni kwako na mpira mzima unang'aa: mwezi mpevu. Kuanzia hapo giza linaingia kulekule kulikoanza mwanga, yaani kulia, unabaki na nusu ya kushoto ambayo ni robo ya mwisho, kisha hilali nyembamba ya alfajiri, kisha giza tena. Huwezi kuruka hatua hata moja, maana mwezi unazunguka kuelekea upande uleule siku zote.

Kulia na kushoto nimesema kwa anayetazama akiwa kaskazini ya dunia, wa kusini anaona kinyume, na wa karibu na ikweta mara nyingi hilali anaiona imelala chali pembe zikitazama juu. Mpangilio ni uleule.

Mzunguko wa sura hizi unachukua siku 29 na nusu hivi. Mwezi wenyewe unamaliza kuizunguka dunia kwa siku 27 na kitu, ila muda huo dunia nayo imesogea kwenye safari yake ya kulizunguka jua, kwa hiyo mwezi unahitaji siku 2 na ushee zaidi ili ujipange tena na jua.

Sasa hapa ndipo mimi napapenda sana, saa. Kila siku mwezi unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50. Mwezi mpya unachomoza na jua na kuzama nalo, robo ya kwanza inachomoza kama saa sita mchana, mwezi mpevu unachomoza jua likizama, robo ya mwisho ni saa sita usiku. Kwa hiyo mtu akikuchorea hilali utosini usiku wa manane mwambie haiwezekani, hilali haiachani mbali na jua. Na ukiona nusu mwezi angani asubuhi saa mbili usishangae, hiyo ni robo ya mwisho, bado haijazama.

Mwenye darubini asisubiri mwezi ujae. Ukijaa, mwanga unaupiga usoni moja kwa moja na vivuli vinapotea, lakini siku za robo, pale mpakani mwa mwanga na giza, kuna mashimo na milima inayotupa vivuli virefu na unaona kabisa huku kumeinuka huku kumebonyea.

Mtauliza mbona basi hatuoni kupatwa kila mwezi ukijaa. Ni kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, hivyo mara nyingi unapita juu au chini ya kile kivuli, na ndio maana nikawaambia mpira muuinue juu ya kichwa kidogo, mkiushusha usawa wa macho mkiwa mmeipa taa mgongo, kivuli cha kichwa kitaufunika.