Kabla ya Rangi na Mbegu, Zuia Tone: Bomba, Choo na Ndoo za Bustani Wakati wa Kufungiwa Ndani

Habari zenu ndugu zangu mlioko nyumbani. Shikamooni wazee wangu, na vijana wenzangu mambo vipi. Karibuni tena.

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona ni janga la dunia nzima, watu waliofungiwa ndani walizigeukia nyumba zao. Huyu alipaka rangi, yule aligongelea rafu, mwingine alipanda nyanya kwenye ndoo. Ni vizuri. Lakini nawaomba muanze na maji. Rangi ikisubiri miezi mitatu hakuna kinachooza. Bomba linalodondosha linalowanisha kabati la chini, linaotesha kuvu, na wakati wa kufungiwa ndani fundi hakuja kirahisi. Tena mikono ilioshwa mara nyingi kuliko zamani, kwa hiyo mpira wa bomba uliokuwa umebakiza maisha ya mwaka mzima uliweza kuisha mapema.

Kwanza pima. Funga bomba kama kawaida, weka kikombe chini yake, hesabu matone kwa dakika moja. Matone kama 4,000 hufanya lita moja. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, yaani zaidi ya lita 20. Hiyo ni ndoo nzima, kila siku. Ishikeni ndoo hiyo kichwani, nitairudia tukifika kwenye bustani.

Sasa tulifungue. Bomba ninalolizungumzia kwanza ni lile la kizamani, la kuzungusha mara kadhaa hadi lifunge. Ndani lina mhimili wenye nyuzi za skrubu, na mwisho wa mhimili kuna washa ya mpira inayokandamiza tundu la maji. Vifaa: bisibisi, spana ya kurekebisha upana, kitambaa, na ikiwezekana ile tepu nyeupe nyembamba ya mafundi bomba. Fanya kazi hii asubuhi. Kitu kikivunjika saa nne usiku utakaa gizani na nyumba haina maji.

Funga koki iliyo chini ya sinki, au koki kuu karibu na mita au tangi. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Koki ambayo haijaguswa miaka mingi hukwama, na ukiilazimisha kwa spana shingo yake inaanza kuvuja, sasa una matatizo mawili. Izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mkono, mpaka ilegee. Ikikataa kabisa, iache, tumia koki kuu. Ukishafunga, fungua bomba lenyewe maji yaliyobaki yatoke, kisha ziba tundu la sinki kwa kitambaa. Skrubu ndogo ikidondokea humo hutaipata.

Bandua kifuniko cha juu ya kishikio kwa ncha ya bisibisi, toa skrubu, vuta kishikio juu. Kikigoma ni kutu au chumvi ya maji. Usikipige nyundo. Kifunge kitambaa kilicholowa siki ya moto, subiri nusu saa, kisha kitikise huku na huku. Utaona nati kubwa. Ifungue kinyume cha saa, na mkono wa pili ushike shingo ya bomba kwa nguvu. Nasisitiza huo mkono wa pili. Usiposhika, nguvu yote ya spana inaingia kwenye bomba la ukutani, na bomba likijipinda huko ndani utavunja vigae kulitafuta.

Mhimili ukitoka, geuza uangalie chini. Washa mbovu ina mfereji wa duara katikati, imekuwa ngumu kama plastiki, au imemeguka ukingo. Ichukue hiyo hiyo kama kipimo unapotafuta mpya. Bomba la nusu inchi na la robo tatu inchi hazitumii washa moja. Duka likiwa limefungwa, geuza washa upande wa pili. Kama upande huo bado ni bapa, utakusogeza wiki kadhaa. Unaweza pia kukata duara kwenye mpira mgumu bapa wa unene kama ule wa washa ya zamani, ukatoboa katikati. Mpira wa tyubu ya baiskeli haufai, ni mwembamba na laini, unajikunja na kuziba maji nusu.

Kabla hujarudisha, ingiza kidole kwenye tundu na upapase kile kiti cha chuma ambacho washa inakalia. Kikiwa na mikwaruzo, washa mpya itakatika kwa siku chache, na utaapa kwamba umeuziwa feki. Zungushia msasa laini, namba 400 hivi, mpaka kidole kiteleze. Ufute unga wote, rudisha, na ukaze nati kwa kiasi. Fungua koki polepole, siyo kwa mkupuo, uone.

Kama tatizo ni maji yanayochuruzika kwenye shingo ya kishikio pale tu bomba linapofunguliwa, washa haina kosa. Kilichokwisha ni kile kizuizi cha kwenye mhimili, aidha oringi ya mpira au uzi uliosokotwa. Zungushia mhimili tepu nyeupe mizunguko mitano au sita, isukumie ndani, kaza nati.

Bomba la kisasa, lile la kugeuza robo mzunguko tu, halina washa kabisa. Ndani kuna katriji yenye vibati viwili vya kauri. Mara nyingi kinacholiharibu ni chembe ya mchanga au magamba meupe ya chumvi. Itoe, iloweke kwenye siki saa moja, isuuze, usiikwangue kwa kisu. Katriji ya maji moto na ya maji baridi mara nyingi hugeuka pande tofauti, kwa hiyo ziwekee alama ukitoa zote mbili, la sivyo kishikio kitafungukia kinyume.

Na bomba la aina yoyote ile, acheni kulikaza kwa hasira. Ukilikaza mno unaiponda washa, kesho unakaza zaidi, keshokutwa haizuii kitu.

Nimetaja siki, basi nisimame hapa hapa, maana jambo hili linaniumiza moyo. Watu wana siki jikoni na wana dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile wengi tunaiita jiki, na zote zinamwagwa kwenye sinki moja. Msizichanganye kamwe. Jiki ikikutana na siki, maji ya limau au dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za vioo, inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Aprili 2020, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, iliripoti kwamba simu kwenye vituo vya sumu kuhusu watu waliokumbwa na dawa za usafi na za kuua vijidudu zilikuwa zimepanda kwa takriban asilimia 20 katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Huenda wengi wa hao walikuwa wanajikinga.

Kipimo cha jiki cha kufutia vitasa na meza ni asilimia 0.1 ya klorini. Soma chupa yako. Ikiandikwa asilimia 5, chukua mililita 20 za jiki, ongeza maji baridi mpaka ifike lita moja. Ikiandikwa asilimia 2.5, chukua mililita 40. Maji ya moto yanaivunja dawa na kukupandishia mvuke usoni. Tengeneza ya siku moja tu, maana hupungua nguvu, hasa ikipigwa na mwanga. Sabuni kwanza, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye kirusi. Kisha futa kwa kitambaa, acha palowe angalau dakika moja. Dirisha wazi, glavu mkononi, na msiipulize hewani wala msijipake mwilini.

Choo sasa. Tangi la choo linaweza kuvuja usiku kucha bila mtu kusikia. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha chungulia bakuli. Rangi ikionekana, kizibo cha mpira cha chini hakifungi. Angalia mnyororo: ukiwa mfupi mno unakiinua kizibo, ukiwa mrefu mno unanasa chini yake. Acha ulegee kama sentimita moja. Kisha papasa ukingo ambao mpira unaukalia. Magamba yakiwepo, sugua kwa sponji. Vyoo vya kitufe havina mnyororo. Kile kifaa cha katikati hutolewa kwa kukigeuza robo mzunguko kuelekea kushoto, na chini yake kuna mpira bapa. Uoshe, na mpira ukiwa umechakaa ugeuze. Na kama unasikia maji yakichuruzika ndani ya tangi muda wote, tazama boya. Maji yasimame kama sentimita mbili na nusu chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Yakiufikia huo mdomo, teremsha boya kwa skrubu yake.

Karatasi za chooni zilipoadimika madukani, watu wengi waligeukia vitambaa vyenye unyevu. Hata vikiandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni, visitupwe. Karatasi ya chooni huachana ndani ya maji, vile haviachani, vinashikamana na mafuta na kuziba bomba la jengo zima. Choo kikiziba, tumia pampu ya mpira. Maji yafunike kikombe cha mpira. Ukisukuma hewa tupu hakuna kinachosogea. Sukuma la kwanza liwe taratibu, hewa itoke, kisha mara 15 hadi 20 kwa mfululizo bila kuachia kingo. Msimwage maji yanayochemka, bakuli la kauri linaweza kupasuka.

Maji yakishatulia, ndoo za bustani.

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja wa nyanya, au mitatu minne ya mboga ya majani. Hakikisheni haikuwa ya rangi wala ya kemikali. Toboa matundu nane hadi kumi ya upana wa milimita nane kitakoni, na mengine machache ubavuni, sentimita mbili kutoka chini. Msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo unatoboa vizuri. Msitie kokoto chini. Najua wengi tumefundishwa hivyo, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanatuama juu yake, na mizizi inakosa nafasi na hewa. Weka kipande cha wavu tu, udongo usitoke.

Udongo wa uani peke yake hushikana kama tofali ndani ya ndoo. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya mboji iliyoiva, moja ya mchanga wa chengachenga. Minya konzi iliyolowa kidogo: ikishikana halafu ikaachana ukiigusa, iko sawa. Mboji inayotoa joto au harufu kali bado haijaiva, itachoma mizizi. Jaza mpaka sentimita nne chini ya ukingo, maji yapate pa kukaa kabla hayajazama.

Mbegu za zamani zipimeni kwanza. Kumi kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, ndani ya mfuko, mahali penye joto. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu. Zikiota saba, panda kama kawaida. Zikiota nne, panda mara mbili ya idadi. Fukia kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wa mbegu, si zaidi. Miche ikirefuka myembamba kama uzi, inatafuta mwanga; mbolea haitaisaidia, isogeze dirishani na uigeuze kila siku. Ikianguka huku shina limesinyaa pale kwenye udongo, ni kuvu anayependa udongo uliolowa muda wote. Mche ulioanguka hautapona, utoe, punguza maji, acha hewa ipite. Na miche iliyokulia ndani isihamishiwe juani kwa siku moja. Siku ya kwanza saa moja kivulini, ongeza kidogokidogo kwa wiki nzima.

Ile ndoo ya matone mnaikumbuka? Kama bado mnasubiri washa, maji yale ni safi, mwagilieni. Maji baridi ya kusuuzia mboga nayo yanafaa, na yale yanayotoka kabla maji moto hayajafika bombani. Yatumike siku hiyo hiyo, yamwagwe kwenye udongo, siyo kwenye majani. Maji yenye jiki yasiguse bustani hata tone, wala yale yenye mafuta ya vyombo.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole sentimita tatu. Pakavu, mwaga mpaka yatoke matunduni. Pana unyevu, subiri kesho. Nyanya zikitoka na doa jeusi lililobonyea kitakoni, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni kalisiamu kutofika kwenye tunda, na kwenye ndoo chanzo chake cha kawaida ni kumwagilia kwa pupa leo na kusahau siku tatu. Toa yaliyoharibika, tandaza nyasi kavu juu ya udongo, mwagilia kwa mpangilio, na matunda yanayofuata yatatoka mazima.