Moto wa Shamba: Saa ya Kuuwasha na Mahali Moshi Unakokwenda

FESTO: Karibuni wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia uchomaji wa mashamba katika kiangazi, kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, hasa kwa wakazi wa Mufindi na Njombe, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambako mahindi yanapakana na misindano na mikaratusi, na ambako moto wa mtu mmoja unaweza kuteketeza mapato ya kijiji kizima. Dada Lusia, mkulima aliyekwisha kuvuna na kukusanya mabua yake, achome saa ngapi?

LUSIA: Ahsante, kaka Festo. Hilo ndilo swali zito kuliko mengine, kwa sababu saa iliyo salama kwa moto siyo daima saa iliyo salama kwa mapafu. Wazee wetu walitufundisha kuchoma jioni, upepo ukishatulia na nyasi zikianza kupata unyevu, na kwa upande wa moto walikuwa sahihi kabisa. Lakini jua likizama, ardhi ya huku juu hupoa upesi, hewa inayoigusa hupoa pia na kuwa nzito, kisha huteremka mabondeni huku hewa yenye joto kidogo ikibaki juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi ukifika hapo hushindwa kupanda, na hutandaa usiku kucha juu ya nyumba na vinyungu, yaani bustani zetu za mabondeni.

FESTO: Ndiyo maana asubuhi ya Julai tunaamka tunakuta bonde zima lina ukungu wenye harufu ya majani yaliyoungua, na watoto wanakwenda shule wakikohoa. Kwa hiyo tuache kuchoma jioni?

LUSIA: Anayekaa bondeni, au aliye na majirani chini yake, aache. Nafasi nzuri zaidi ni asubuhi ya katikati, jua likishapasha ardhi kiasi cha kuuvunja mfuniko ule na moshi ukaanza kupanda wima, lakini kabla upepo wa mchana haujashika kasi. Nafasi hiyo ni finyu, na siku nyingine haipo kabisa. Siku isipokuwepo, mabua yasubiri. Ndiyo sababu napendelea marundo madogo ambayo yanaweza kuisha kuungua ndani ya nafasi hiyo, kuliko kuliwasha shamba zima kwa mara moja.

FESTO: Wapo wanaosema kwamba huku kwetu kuna baridi, hata sakitu huanguka, kwa hiyo hatari ya moto ni ya watu wa nyikani.

LUSIA: Dhana hiyo imetugharimu sana. Moto hauhitaji joto la hewa ili usambae. Unahitaji majani makavu, hewa kavu na upepo. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka katika eneo lililo kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, ambako usiku mtu hulala na sweta, na hata hivyo takriban kilomita za mraba 95 ziliungua. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, wakati mimea imekaa miezi kadhaa bila mvua. Na umande usitudanganye: nyasi nyembamba zilizoloa alfajiri zinaweza kukauka ndani ya saa moja au mbili jua likitoka, kwa hiyo aliyezigusa saa kumi na mbili akaridhika, akiwasha saa nne anawasha kitu kingine.

FESTO: Na mteremko? Mashamba yetu mengi yako ubavuni mwa vilima.

LUSIA: Moto hupenda kupanda, kwa sababu ndimi zake zinaegemea nyasi za juu na kuzikausha kabla hazijazifikia. Kanuni ya wazimamoto ni kwamba kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya moto unaopanda huwa karibu mara mbili. Kwa hiyo aliye chini ya msitu asiwashe sehemu ya chini ya shamba akatumaini kuukimbiza. Aanze juu, kando ya barabara ya moto iliyopaliliwa mpaka udongo ukaonekana, auache moto ushuke taratibu.

FESTO: Tuje kwenye kibali, maana wengi wanakiona ni usumbufu wa ofisini.

LUSIA: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazungumzia moto waziwazi, na inamtaka anayechoma mimea nje ya eneo la nyumba yake apate ruhusa kwanza. Vijiji vingi vimeongeza sheria ndogo zao. Lakini mimi nakithamini kibali kwa sababu nyingine: mtu akienda kwa mtendaji wa kijiji kueleza siku na saa anayotaka kuchoma, jirani mwenye miche michanga ya misindano anapata habari, mwenye mtoto wa pumu anapata habari, na watu wa kusaidia wanajulikana kabla kiberiti hakijawashwa. Anayechoma kimyakimya anawanyima wenzake nafasi ya kujikinga, na hilo kwangu ni kosa kubwa hata moto usipotoroka.

FESTO: Moshi wenyewe una madhara gani hasa?

LUSIA: Kibaya zaidi ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi maikroni 2.5 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ambazo hupita puani na kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kwa saa 24 wastani wake usizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Majani mabichi na mabua yaliyoloa hutoa moshi mwingi kuliko makavu, kwa sababu yanafukuta badala ya kuwaka. Plastiki na mipira isiingie motoni hata kidogo, maana hutoa sumu ambazo hakuna kitambaa cha kufunga usoni kinachoweza kuzizuia.

FESTO: Tunaambiwa tufunge madirisha.

LUSIA: Ushauri huo unamfaa mwenye jiko la gesi. Mama anayepika kwa kuni ndani ya nyumba akifunga madirisha anajifungia na moshi wake mwenyewe. Siku yenye moshi wa jirani, bora apike mapema kabla haujatanda, na mjamzito, mzee na mwenye pumu wakae nyumba iliyo juu zaidi kilimani ikiwezekana.

FESTO: Moto ukishazimika, mtu aende nyumbani?

LUSIA: Hapana. Visiki na mizizi hufukuta chini ya ardhi, na upepo wa kesho mchana huuamsha moto ambao kila mtu ameshausahau. Apeleke mgongo wa kiganja karibu na majivu bila kuyagusa. Akisikia joto, afukue, amwage maji, achanganye na udongo, kisha apime tena. Kesho yake arudi kabla ya saa tano, upepo haujaanza. Na moto ukivuka barabara ya moto, asipambane peke yake kwa aibu ya kulaumiwa: apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, amjulishe mwenyekiti wa kitongoji, na aseme jina la kilima na upande ambao upepo unaelekea.