Kushoto, kulia, na fumbo la namba 5

Mabibi na mabwana, maneno ya siasa "kushoto" na "kulia" yalianzia kwenye viti. Mwaka 1789, Bunge la Katiba la Ufaransa lilipojadili kama mfalme awe na kura ya turufu, waliomuunga mkono walikaa kuliani kwa mwenyekiti, waliompinga kushotoni. Viti vimeoza, majina yapo.

Mtu anafikaje upande wake? Tungependa kuamini kwamba hupima kodi, mishahara, dini na mamlaka, kisha hujumlisha. Wapi! Mwaka 1964 mtafiti wa siasa Philip Converse alionyesha kuwa wapiga kura wa Marekani wanaopima vyama kwa itikadi ni wachache mno. Kwa kawaida chama hutangulia. Mtoto husikia nyumbani kwamba "sisi ni wa chama fulani". Akikua anasikia chama hicho kikiitwa cha mrengo wa kushoto. Basi naye ni wa kushoto, na hoja atazitafuta baadaye. Mwaka 1976 watafiti wenzake Ronald Inglehart na Hans-Dieter Klingemann walikuta hali hiyo Ulaya Magharibi: namba anayojipa mtu ilifuata chama chake zaidi ya misimamo yake.

Namba ipi? Hapa ndipo watafiti huteleza. Mhojiwa huombwa ajiweke kwenye mstari, kushoto hadi kulia. Ukiuanzia 1 na kuumaliza 10, katikati yake ni 5.5, namba ambayo haimo. Asiyeegemea popote hutaja 5, na wastani wa nchi nzima unavutwa kushoto pasipo mtu kuhama. Anzia 0, na 5 itakuwa katikati kweli.

Hata hivyo, hiyo 5 ni chumba chenye wapangaji watatu: mwenye msimamo wa wastani, asiyeyaelewa maneno yenyewe, na anayetaka mhojaji aondoke haraka. Kuwatenganisha, kwanza ruhusu jibu la "sijui". Kisha uliza: "Kwako wewe, kushoto maana yake nini?" Usimsomee majibu ya kuchagua, andika anavyosema, neno kwa neno. Swali la chama liache mwisho, maana likitangulia litaiburuta namba.

Na msilinganishe nchi kwa wastani tu. Ulaya Mashariki baada ya 1989, kwa wengi kushoto kulimaanisha chama cha kikomunisti kilichokuwa kikitawala kabla ya hapo. Mzee aliyetamani mambo yabaki kama zamani angeweza kujipa 2, namba ambayo kule Ufaransa angeichagua kijana anayetaka kuyapindua.