Jicho Kati ya Majani

Mabibi na mabwana,

Wapiga picha wengi wanapomwona ndege mwitu amejibanza kichakani, hutamani kwanza kuyaondoa majani yanayomkinga. Mimi nashikilia kinyume chake: majani hayo hayo ndiyo yanayompa ujasiri wa kubaki na kutuchungulia, na ukikata hata kitawi kimoja ataruka, au, ikiwa ana kiota karibu, utakuwa umewafungulia njia wawindao makinda yake.

Kazi yetu, basi, ni kutafuta upenyo wa kulifikia jicho. Jani lililo karibu na lenzi huyeyuka likawa ukungu wa kijani, ilhali lililo karibu na ndege hubaki na kingo kali zinazomkata uso. Kwa hiyo kusogea sentimita chache kushoto, au kupiga goti, mara nyingi hutosha. Fungua tundu la lenzi kadiri uwezavyo ili majani yafifie, ukalenge kwa nukta moja ndogo ya kulengea, kwa kuwa kamera ikiachiwa ijichagulie hunasa jani la mbele. Lakini kwa lenzi ya milimita 400 iliyofunguliwa kwa f/5.6 (kipimo cha upana wa tundu), ndege akiwa umbali wa mita 6, kina kinachoonekana vizuri ni kama sentimita 7 tu kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35. Mkia ukififia si neno. Jicho likififia, picha imekwisha.

Ndege mdadisi ana tabia moja ya kutufaa. Macho ya ndege wengi yako pembeni mwa kichwa na hayazunguki sana matunduni mwake, hivyo akitaka kukuchunguza hana budi kugeuza kichwa kizima: hukiinamisha upande, akakukazia jicho moja, akatulia kidogo, kisha akaleta la pili. Bonyeza katika utulivu huo. Kasi ya shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ya 1/500 ya sekunde kwa kawaida hutosha. Akianza kurukaruka, panda hadi 1/1000 au zaidi, wala usiogope kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, maana chengachenga zinazotokea pichani husameheka kuliko picha iliyotikisika.

Rangi ya kijani inayoakisiwa na majani hurekebishwa baadaye. Kumchezea ndege sauti zilizorekodiwa ili atoke, hilo silikubali, hasa msimu wa kuzaana, kwani hudhani mpinzani ameingia eneo lake. Mdadisi huja mwenyewe. Na ukimwona anatoa mlio wa tahadhari, au ameshika chakula mdomoni bila kukipeleka kiotini, rudi nyuma taratibu mpaka aendelee na shughuli zake.